Abul-Qasim az-Zahrawi: Tabibu Aliyeyapa Majina Majeraha ya Kichwa



Ndugu msomaji, wengi wetu tulilisikia jina la Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas az-Zahrawi tangu madrasa, katika orodha ya wanazuoni wa Kiislamu waliotangulia. Wazungu walimwita Abulcasis. Kwa kawaida mhadhiri hutuambia kwamba ndiye baba wa upasuaji, kisha anahamia kwa Ibn Sina. Maelezo hayo mafupi hayamtendei haki. Hayasemi alifanya nini hasa, wala kwa nini mwanafunzi wa leo, awe anasoma udaktari, uuguzi, takwimu au kompyuta, amjali mtu aliyefariki miaka elfu moja iliyopita.

Katika makala hii tutapitia maisha yake kwa kushika jambo moja: mlango aliouandika juu ya kuvunjika kwa fuvu la kichwa. Ndani ya mlango huo alifanya kazi ambayo leo hugawanywa kati ya daktari na karani wa kumbukumbu za hospitali. Alilipa kila jeraha jina lake, na akaandika kila hatua ya matibabu kwa namna ambayo mtu mwingine, mahali pengine, angeielewa bila kumuuliza mwandishi. Mwisho wa makala tutaona kwamba kazi hiyo bado ipo, ina namba badala ya majina, na ikifanywa ovyo kuna watu wanaoumia.

Kijana wa mji mpya

Mwaka 929 M, Abdur-Rahman wa Tatu alijitangaza kuwa khalifa huko Andalusia, yaani sehemu ya Hispania na Ureno ya leo iliyokuwa chini ya Waislamu. Makao yake yalikuwa Cordoba. Mwaka 936 M alianza kujenga mji mpya wa kifalme chini ya mlima, kilomita chache magharibi ya Cordoba, akauita Madinat az-Zahra. Tabibu wetu alizaliwa katika mji huo karibu na wakati uleule ulipoanzishwa, na kutokana nao akapata nisba ya az-Zahrawi. Aliitwa pia al-Ansari, kwa kuwa ukoo wake ulinasibishwa na Ansari wa Madina.

Alikulia katika zama nzuri kwa mtafuta elimu. Baada ya Abdur-Rahman alitawala mwanawe, al-Hakam wa Pili, kuanzia 961 hadi 976 M. Khalifa huyo alipenda vitabu kuliko vita, na maktaba yake ilijulikana Mashariki na Magharibi. Vitabu vya tiba vya Wayunani, kama vya Hippocrates, Galen na Paul wa Aegina, vilikuwa vimekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, navyo vilifika Cordoba pamoja na vitabu vya ar-Razi. Az-Zahrawi alivisoma, kisha akashika kisu mwenyewe. Alitibu na kufundisha kwa miaka mingi katika mazingira ya Cordoba, akafariki takriban mwaka 404 H, sawa na 1013 M.

Waandishi wa wasifu wa Andalusia walimtaja kwa mistari michache tu. Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa Cordoba aliyezaliwa 994 M, alikihesabu kitabu chake miongoni mwa fahari za nchi yao. Mambo mengi tunayoyajua juu ya tabia yake na njia yake ya kufikiri yanatoka katika kitabu hichohicho.

Makosa aliyoyaona

Kitabu chenyewe kinaitwa at-Tasrif li-man ajiza an at-talif. Kwa maana ya karibu, ni mpangilio wa elimu ya tiba kwa ajili ya mtu asiyeweza kujikusanyia vitabu vyote. Kina makala 30, na alikikamilisha karibu mwaka 1000 M. Ya mwisho, makala ya 30, inahusu upasuaji peke yake, na ndiyo iliyompa umaarufu.

Anaifungua makala hiyo kwa masikitiko. Anawaambia wanafunzi wake, ambao huwaita wanawe, kwamba fani ya upasuaji imekaribia kutoweka katika nchi yao. Kilichobaki ni maelezo machache katika vitabu vya kale, na hata hayo yameharibiwa na mikono ya wanakili. Sababu ya udhaifu huo kwa maoni yake ni kwamba watu wanakata bila kujua viungo vya mwili vilivyokaa: mfupa uko wapi, mshipa wa damu unapita wapi, neva inaanzia wapi.

Kisha anatoa mifano ya mambo aliyoyashuhudia. Tabibu mmoja alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa mikubwa ya damu, na mwanamke akafa mbele yake. Mwingine alitaka kumtoa mzee jiwe la kibofu. Jiwe lilikuwa kubwa, tabibu akalivuta pamoja na kipande cha kibofu, na mzee akafariki siku ya tatu. Az-Zahrawi mwenyewe alikuwa ameitwa kwanza kwa mgonjwa huyo, akaona kwa ukubwa wa jiwe na hali ya mzee kwamba hatapona. Tabibu wa tatu alimfunga kijana aliyevunjika mguu karibu na kisigino. Palikuwa na jeraha wazi, naye akalikaza kwa bandeji bila kuacha njia ya usaha kutoka. Az-Zahrawi alipoitwa na kufungua bandeji, mguu ulikuwa umekwisha kuharibika.

Angalia, ndugu msomaji, namna anavyozisimulia habari hizi. Hataji majina ya matabibu hao ili kuwaaibisha. Anataja kosa lenyewe: nini kilikatwa, nini hakikuangaliwa, siku ya ngapi mgonjwa alifariki. Anataka msomaji ajifunze kutokana na kosa, na kosa lisiloandikwa kwa usahihi halimfundishi mtu. Anamaliza utangulizi kwa kuwagawia wanafunzi upasuaji katika mafungu mawili, ule wenye salama na ule wenye hatari, na kuwaonya wasiingie katika wa pili kwa tamaa ya mali au ya sifa.

Kitu na jina lake

Tabia hii ya kutaka kila kitu kiwe na jina lisilotatanisha imeenea katika kitabu chote. Makala ya 29, inayotangulia ile ya upasuaji, inashughulikia majina ya dawa katika lugha mbalimbali, dawa mbadala, pamoja na vipimo vya uzito na ujazo. Cordoba ilikuwa na watu wa lugha nyingi. Mmea mmoja uliweza kuwa na jina la Kiyunani kitabuni, la Kiarabu dukani, na jina jingine kabisa kwa mchumaji wa shambani. Mwuza dawa akikosea jina, mgonjwa anakunywa sumu. Akikosea kipimo, ni hivyohivyo. Kwa hiyo az-Zahrawi aliyaweka majina pamoja, ili wote wawe wanazungumzia kitu kimoja.

Kwenye upasuaji alichukua hatua ya ziada. Hakutegemea maneno peke yake, bali alichora vyombo. Katika makala ya 30 kuna michoro ya vyombo wapatao 200: visu, mikasi, koleo, ndoana, patasi, keekee, misumeno, vyuma vya kuchomea. Kila mchoro umewekwa karibu na maelezo ya kazi ambayo chombo hicho hufanya, ili mhunzi wa mji wowote akipewa kitabu aweze kukitengeneza, na tabibu akikiona ajue ni cha kazi gani.

Makala hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kutibu kwa kuchoma kwa moto. Ya pili ni kukata na kupasua. Ya tatu ni kuunga mifupa iliyovunjika au kuteguka. Mlango wa fuvu la kichwa umo katika sehemu hiyo ya tatu.

Mivunjiko ya fuvu

Mtu wa kawaida akiona mwenzake amepigwa kichwani, husema amepasuka kichwa, basi. Az-Zahrawi anamwambia mwanafunzi kwamba jina hilo halitoshi. Lazima ajue kwanza kilichompiga mgonjwa, kisha umbo la mvunjiko, kisha kina chake.

Kuna mvunjiko wa upanga unaopenya mfupa wote hadi kwenye utando ulio chini yake, kama shoka linavyoingia kwenye mti, na aina hiyo ikapewa jina kutokana na shoka. Kuna upanga uliokwangua uso wa mfupa tu bila kufika upande wa pili, na huo una jina lake. Kuna mvunjiko wa kupondwa, wa mtu aliyepigwa jiwe au kuangukia jiwe, nao pia huweza kupenya au kuishia juu. Kuna ufa mwembamba kama unywele, na ndivyo unavyoitwa, wa unywele. Na kuna mvunjiko ambao mfupa hauachani bali unabonyea kwa ndani, kama chombo cha shaba kinavyobonyea kikigongwa kwa nje. Anasema huu hutokea zaidi kwenye mifupa laini yenye unyevu, kama ya watoto. Mzazi yeyote aliyewahi kuona sufuria iliyoanguka sakafuni anaelewa mara moja.

Majina haya si mapambo, kwa sababu kila jina linaelekeza kwenye kazi tofauti. Ufa wa unywele, kwa mfano, hauonekani kwa haraka. Hivyo anaelekeza mfupa ufunuliwe, ufutwe, kisha upakwe wino. Wino unaingia katika ufa na ufa unaonekana mweusi. Karibu miaka mia tisa kabla ya picha za eksirei, hiyo ilikuwa njia ya kuona kisichoonekana.

Kabla ya kugusa chombo chochote, anamtaka tabibu atazame hali ya mgonjwa mzima. Je, anatapika nyongo? Ana degedege? Amepotewa na akili? Sauti imekatika? Anazimia? Ana homa kali? Macho yametokeza na kuvimba? Akikuta dalili hizi anamshauri tabibu asimkaribie, maana mara nyingi mgonjwa huyo hatapona. Leo hatumwachi mgonjwa kwa dalili hizo, tunazidi kumkimbiza chumba cha upasuaji. Lakini dalili zenyewe hazijabadilika. Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow waliweka kipimo cha kupima fahamu za mtu aliyeumia kichwa kwa kutazama macho, usemi na mwendo wa viungo, na kumpa alama kuanzia 3 hadi 15. Kila mwanafunzi wa udaktari anakijua kipimo hicho. Maswali yake ni ndugu wa maswali ya az-Zahrawi. Kilichoongezeka ni namba.

Patasi na keekee

Mgonjwa ambaye dalili zake zinaruhusu hufanyiwa kazi kwa utaratibu. Mfupa uliovunjika utolewe kabla utando wa chini haujaharibika. Wakati wa baridi kabla ya siku ya 14, wakati wa joto kabla ya siku ya 7. Kichwa kinyolewe. Jeraha lipanuliwe hadi mfupa uonekane. Mgonjwa atiwe pamba masikioni asisikie mlio wa vyombo vikilia juu ya fuvu lake mwenyewe, ambapo dawa ya kumlaza usingizi kama ya leo haikuwepo. Agizo hilo dogo la pamba linaonesha kwamba mwandishi alikuwa amesimama kando ya wagonjwa na kuona hofu yao.

Kwa mfupa laini, tabibu atumie patasi, aanze na nyembamba kisha pana zaidi, polepole, bila kuutikisa ubongo. Kwa mfupa mgumu, atoboe kwanza matundu kuuzunguka mvunjiko, kisha akate kutoka tundu hadi tundu na kukitoa kipande kwa koleo. Matundu hayo hutobolewa kwa keekee za namna ya pekee. Juu kidogo ya ncha zina ukingo wa mviringo unaozizuia zisizame kupita unene wa mfupa. Tabibu awe nazo nyingi za vipimo mbalimbali, kwa sababu unene wa fuvu si mmoja kwa watu wote. Mwishoni kingo za mfupa zisawazishwe zisije zikachoma utando.

Haki inatutaka tuseme wazi kwamba az-Zahrawi hakubuni yote haya. Mengi yalikuwemo katika vitabu vya Wayunani, na keekee isiyozama ilijulikana kabla yake. Naye hakudai vinginevyo. Alisema elimu yake imetoka katika kusoma sana vitabu vya waliotangulia na katika uzoefu wake mwenyewe. Alichofanya ni kuikusanya fani iliyokuwa imetawanyika, kuijaribu kwa mkono wake, kuondoa yaliyomtatiza msomaji, na kuichorea picha. Muislamu hahitaji kumtilia chumvi mwanachuoni wake ili amheshimu.

Pia hakuficha pale elimu yake ilipokomea. Katika sehemu ya upasuaji anaeleza ugonjwa wa maji kujaa kichwani mwa watoto. Anasimulia mtoto aliyemwona, ambaye kichwa chake kilikua kila siku hadi akashindwa kukiinua, mpaka akafariki. Msomaji anayetafuta muujiza hapo hataupata. Atapata maelezo ya kweli ya mtoto aliyefariki, na maelezo hayo ni amana kwa tabibu atakayefuata.

Mji ulianguka, kitabu kikabaki

Miaka ya mwisho ya az-Zahrawi ilikuwa ya msiba. Kuanzia 1009 M fitina ililipuka Cordoba, Waislamu wakapigana wao kwa wao juu ya madaraka, na Madinat az-Zahra ikavamiwa na kuporwa. Mji aliozaliwa ukawa magofu katika umri wake mwenyewe. Marumaru zake zilichukuliwa kujengea kwingine, na hata mahali ulipokuwa pakasahaulika kwa karne nyingi. Wachimbaji walianza kuufukua rasmi mwaka 1911, na mwaka 2018 UNESCO ikauweka katika urithi wa dunia.

Kitabu hakikuhitaji kufukuliwa. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona aliitafsiri makala ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo. Guy de Chauliac, tabibu mkubwa wa Ufaransa, alimtaja az-Zahrawi mara nyingi sana katika kitabu chake cha upasuaji cha 1363. Mwaka 1465, huko Amasya katika Uturuki ya leo, Serefeddin Sabuncuoglu alitunga kitabu cha upasuaji kwa Kituruki akimfuata az-Zahrawi, na akaongeza picha za wagonjwa na matabibu. Mwaka 1497 tafsiri ya Kilatini ilichapishwa Venice. Mwaka 1778 Oxford walichapa Kiarabu na Kilatini pamoja, na mwaka 1973 ikatoka tafsiri kamili ya Kiingereza. Tabibu wa Venice hakuwahi kuliona jua la Cordoba, lakini aliposoma juu ya mfupa uliobonyea kama chombo cha shaba, alijua ni mfupa gani.

Kutoka majina hadi namba

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1893, Jacques Bertillon wa Ufaransa aliwasilisha Chicago orodha moja ya sababu za vifo, ili nchi mbalimbali ziweze kuhesabu kwa namna moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo na kuipanua iingize magonjwa na majeraha. Toleo la kumi la orodha hiyo linajulikana kama ICD-10, na toleo la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 2022.

Ukifungua ICD-10 kwenye majeraha ya kichwa utamkuta az-Zahrawi amevaa nguo mpya. Kuvunjika kwa paa la fuvu ni S02.0. Damu iliyovuja kati ya mfupa na utando mgumu wa ubongo ni S06.4. Damu ya jeraha iliyo chini ya utando huo ni S06.5. Na kama yeye alivyouliza ni upanga au jiwe, orodha hii nayo ina namba za kilichomwumiza mtu. Aliyeumia akiwa juu ya pikipiki, awe dereva au abiria, yumo katika kundi la V20 hadi V29.

Upasuaji wenyewe una orodha nyingine. Inayotumika zaidi Marekani huitwa CPT, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1966 na chama cha madaktari wa nchi hiyo. Tazama inavyoushughulikia mfupa uliobonyea. Kuuinua mfupa huo ukiwa wa kawaida, bila jeraha wazi, ni 62000. Ukiwa na jeraha wazi, au umevunjika vipande vipande, ni 62005. Ikilazimu kuushona utando au kusafisha ubongo uliochanika, ni 62010. Ngozi iko wazi? Mfupa umesagika? Utando umechanika? Ni maswali yaleyale ya Cordoba, na kila jibu lina namba yake. Vivyo hivyo kutoboa tundu na kuondoa damu juu au chini ya utando ni 61154. Kufungua dirisha katika mfupa na kutoa damu hiyo katika sehemu ya juu ya ubongo ni 61312.

Namba hizi zina mipaka yake. Hiyo 61312 hutumika mfupa ukirudishwa mahali pake, na hutumika pia mfupa usiporudishwa. Kwa daktari atakayempokea mgonjwa baada ya miezi mitatu, tofauti hiyo ni kubwa: huyu ana fuvu zima, yule ana sehemu isiyo na mfupa, akianguka amekwisha. Anayeisema tofauti hiyo ni daktari wa upasuaji katika maelezo yake aliyoandika. Karani hawezi kuweka namba ya jambo ambalo halikuandikwa. Bima hailipi ambacho hakikuandikwa. Na wizara haihesabu ambacho hakikuandikwa.

Hapo ndipo kuna jambo linalotuhusu. Kijana anagongwa akiwa juu ya bodaboda mjini Kampala au taksi-moto mjini Kigali, bila kofia ngumu. Analetwa usiku, hospitali imejaa, na kwenye faili linaandikwa jeraha la kichwa, basi. ICD-10 ina namba ya maneno hayo, S09.9, jeraha la kichwa lisiloelezwa. Ni kapu la wasiojulikana. Kijana akiingia humo, hatuna tena habari kama alikuwa na ufa wa unywele au damu iliyokuwa ikimbana ubongo, kama alitobolewa fuvu au alilazwa tu akisubiri. Hatujui kama alikuwa dereva, abiria au mtembea kwa miguu. Wakijaa vijana mia katika kapu hilo, mkuu wa hospitali akiomba mashine ya kupiga picha za ubongo au daktari mwingine wa upasuaji, hana cha kuonesha. Msiba umetokea mara mia, na kwenye karatasi haupo.

Sehemu ya kila mmoja wetu

Ndugu zangu wanafunzi, tunapenda kuwataja wanazuoni wa Andalusia kwenye mihadhara yetu, na ni vizuri. Lakini az-Zahrawi hakuacha kitabu ili atajwe. Aliacha kazi ya kuendelezwa, na kazi hiyo imegawanyika katika vitivo vyetu.

Unayesoma udaktari, kazi yako haiishi unapovua glavu. Andika ulichokiona na ulichokifanya: upande gani wa kichwa, mfupa umebonyea kiasi gani, utando ulikuwa mzima au umechanika, kipande cha mfupa kimerudi au hakikurudi. Unayesoma uuguzi, alama za fahamu unazochukua usiku wa manane ndizo zitakazomwambia daktari wa asubuhi kama mgonjwa anapanda au anashuka. Unayesoma kumbukumbu za afya, usione haya ukiulizwa unasoma nini. Wewe ndiye unayehakikisha kwamba maneno ya daktari wa wilayani na ya daktari wa hospitali ya rufaa yanamaanisha kitu kimoja, na una haki ya kumrudishia daktari faili lisilosomeka. Unayesoma takwimu au kompyuta, mfumo utakaomrahisishia karani kupata namba sahihi, kwa lugha anayoielewa, unaweza kuokoa watu ambao hutawaona kamwe.

Kuandika kweli juu ya mgonjwa ni amana, na mwenye kuitunza ameihifadhi haki ya mtu ambaye pengine hawezi hata kusema jina lake. Az-Zahrawi aliitunza amana hiyo kwa kalamu na wino. Sisi tuna kompyuta na umeme, hata kama unakatika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim az-Zahrawi, awape nafuu wote waliolala katika wodi za majeruhi usiku huu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.